Kinanda begani, kadi mfukoni

Mazungumzo ya mhusika wa vyombo vya muziki wa chama chetu mbele ya mkutano wa wanachama, Lemera. Tumeyaacha karibu kama yalivyosemwa, ili na wenzetu walio mbali wasikie.

Nimepewa dakika ishirini. Munanijua, nitajaribu.

Nianze na ule moshi. Wengi wenu mulikuwa kwenye ile arusi. Bibi arusi amefika mlangoni, kwaya imesimama, mimi nikachomeka ile mikseri mpya iliyotoka Marekani. Sekunde tatu, nne, harufu ya plastiki, halafu moshi, halafu kimya. Watu wakasema ni jenereta. Wengine wakasema mengine ambayo sitayarudia hapa. Leo nasema mbele yenu: ni mimi. Nyuma ya transfo yake kuliandikwa kwa herufi ndogo 120V 60Hz, na mimi sikusoma. Marekani umeme wao ni volti 120. Sisi huku ni 220. Ni kama mtu amezoea kubeba debe moja, unamtwisha mawili kwa mara moja.

Kwa wafadhili wetu wasiojua, lazima nieleze kwa nini mikseri moja inafanya watu wazima wakae kimya hivyo. Hivi vyombo si vya kujifurahisha tu. Wakati HCR ilianza kuturudisha kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, Oktoba 2005, na miaka iliyofuata, kila familia ilishuka na mizigo yake michache, na chama chetu kilianza na michango ya kilio tu. Mtu akifiwa, kila nyumba inatoa kidogo. Baadaye ndipo tukapata wazo la kukodisha sauti: arusi, sherehe za shule, ibada kubwa. Pesa ile inaingia kwenye sanduku la kilio na la wagonjwa. Kwa hiyo mikseri ilipoungua, sanduku nalo lilikauka. Mwezi ule ule mama mmoja wetu alifiwa na mume wake. Munakumbuka tulivyopita nyumba kwa nyumba na daftari, jioni, kwenye mvua. Yeye hakusema neno, lakini mimi nilikuwa ninabeba lile daftari na ninajua kwa nini ninalibeba.

Kwa hiyo habari ya kusafirisha vyombo kwa ndege si ya wanamuziki peke yao.

Mdogo wangu aliye Marekani alikuja mara mbili. Mara ya kwanza alikuja na klavie ya vidole 61, ile mikseri, mikro nne, kinasa sauti kidogo cha mkononi, na pawabanki kubwa ya kutuwashia vitu wakati jenereta haina mafuta. Karibu kila kitu tulikosea. Ninasema “tulikosea” kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nikimshauri kwa simu, mimi ambaye sijapanda ndege hata mara moja.

Klavie kwanza. Alikuwa amesoma kwamba Marekani iko na sheria ya kulinda wanamuziki. Ni kweli. Sheria ilipitishwa mwaka 2012, na kanuni zake zikaanza kutumika Machi 2015: shirika la ndege la Marekani linapaswa kumruhusu abiria aingie na chombo chake kidogo cha muziki ndani ya ndege, kama kinaenea mahali pa mizigo ya mkononi na kama nafasi bado iko. Sasa angalia mambo mawili ambayo hatukuyaangalia. La kwanza, ile sheria inafunga mashirika ya Marekani. Hakuna ndege ya Marekani inayokuja kutua Bujumbura. Mtu wetu yeyote atabadilisha ndege njiani, na ile ndege ya pili haiijui hiyo sheria. La pili, klavie ya vidole 61 ni karibu mita moja kwa urefu, wakati mzigo wa mkononi kwa mashirika mengi ni kama sentimeta 55 kwa 40, na unene ishirini na kitu. Kwenye ndege ya kwanza walimwachia, kwa sababu nafasi ilikuwapo na mhudumu alikuwa na moyo mzuri. Kwenye ya pili walipima kilo. Ruhusa ni 7, yeye alikuwa na 11. Klavie ikaenda chini imevikwa sweta mbili. Ilifika na vidole vitatu vimevunjika, na tundu la kuchomekea umeme limeingia ndani.

Kwa hiyo neno langu kwa kila mtu anayetaka kutubebea kitu: usipime mzigo kwa ndege ya kwanza. Pima kwa ile iliyo kali kuliko zote katika safari yako. Mashirika mengine yanakubali kilo 7, mengine 10, mengine 12. Kama tiketi yako iko na ndege tatu na moja kati yake ni ya kilo 7, wewe ni mtu wa kilo 7 tangu nyumbani. Pima begi kwenye mzani siku mbili mbele, si kwenye aeropo ambapo watu wako nyuma yako kwenye mstari wanakuangalia unatoa chupi.

Sasa batri. Hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapoteza vitu, halafu wanasema wameibiwa.

Ile pawabanki yetu aliiweka kwenye valizi ya chini. Valizi ilifika, pawabanki haikufika, na mimi nilikasirika sana. Nilisema mambo. Baadaye nilisoma sheria, nikaona walioitoa walikuwa na haki. Batri ya lithiamu ikipata kidonda, ikigongwa au waya zake zikigusana, inaanza kujipasha moto yenyewe na inaweza kuwaka, na moto wake si rahisi kuzima. Ikiwaka pale watu walipo, mtu ataona moshi, wahudumu watakuja. Ikiwaka chini kwenye valizi, katikati ya nguo, nani ataona? Ndiyo maana batri za akiba na pawabanki zote haziruhusiwi kwenye valizi ya chini. Zinaingia na wewe. Si suala la kupenda.

Halafu iko na ukubwa. Wao hawahesabu kwa zile namba kubwa za dukani, wanahesabu wati-saa, inaandikwa Wh. Kama haikuandikwa, fanya hesabu: chukua ile namba ya mAh, zidisha mara volti, gawanya kwa 1000. Pawabanki nyingi batri yake ya ndani ni volti 3.7. Ya 20,000 ni 74, inapita bila neno. Ya 30,000 ni 111, na ikipita 100 lazima uombe ruhusa ya shirika kabla ya kusafiri, na hutabeba zaidi ya mbili za namna hiyo. Ikipita 160, haipandi kabisa na abiria, wala juu wala chini. Yetu ilikuwa ya 50,000. Fanyeni hesabu: 185. Dola zetu zilienda vile, kwa kukosa kuzidisha na kugawanya. Na kama namba imefutika kwenye mgongo wa batri, iacheni, kwa sababu mtu wa usalama hawezi kuamini mdomo wako. Batri za akiba zifunikeni ncha zake kwa utepe, au kila moja kwenye mfuko wake wa plastiki.

Batri kubwa za sola, zile za asidi, hata musiulize. Hizo tunanunua Uvira.

Nikuje kwa skana. Mashine ya muziki kwenye skana inaonekana vibaya: waya, vifungo, masanduku madogo ya chuma. Mtu anayeangalia ile skrini hajui kwaya ya Lemera. Ukifunga kable zako zote kama utumbo wa mbuzi na kuzitupa juu ya mikseri, atafungua begi lote, na iko na haki ya kufungua. Kunja kila kable peke yake, funga na kamba. Vyombo viwe juu kabisa kwenye begi, uvitoe mwenyewe kwenye sinia pamoja na kompyuta. Kila chenye batri kiwe na chaji, kwa sababu wanaweza kusema “washa tuone.” Akiuliza ni nini, sema ni chombo cha muziki, ni kinanda. Usianze kueleza mambo ya masafa na mawimbi. Na mchezo wa maneno hapo hakuna, vijana munanisikia? Kule mzaha unaweza kukukosesha ndege. Turnevisi ndefu, stendi za mikro na chuma cha kuchomea risasi viende chini.

Sasa nifike kwenye lile ambalo linaniuma zaidi ya moshi.

Kulikuwa na mzee wetu mmoja ambaye alikuwa anajua nyimbo za Kifuliiru ambazo wengi wetu tulizisikia tukiwa watoto, kabla ya kukimbia mwaka 1996. Nyimbo za kupalilia, za kumpeleka bibi arusi, za kulilia mtu. Kambini aliziimba kidogo, watu walikuwa wanaona haya, wanasema ni mambo ya zamani. Mdogo wangu alipokuja ile mara ya kwanza, tulikaa na mzee jioni mbili na kile kinasa sauti. Karibu saa tatu za sauti. Mzee alikuwa anakohoa, anapumzika, anaomba chai, anaendelea. Mdogo wangu alipanga kwenda nazo Marekani azisafishe kwenye kompyuta, halafu aturudishie.

Siku ya kuondoka alinipigia kutoka aeropo. “Yaya, hii kinasa sauti niweke wapi?” Na mimi, kwa sababu nilisikia mahali, nikamwambia: “Usipitishe kwa skana, itafuta nyimbo. Weka kwa valizi ya chini, katikati ya nguo.” Akatii. Mimi ni mkubwa wake.

Ile valizi haikufika. Hata leo.

Bandugu, skana haifuti kadi ya memori. Haifuti flashi, haifuti simu, haifuti kompyuta. Kinachoharibika na ile mionzi ni filamu za zamani za picha, zile za kusafisha. Na jambo la kuchekesha, kama ningeweza kucheka, ni kwamba valizi za chini nazo zinapita kwenye skana, na mara nyingi mashine zake ni za nguvu kuliko zile za mkononi. Kwa hiyo nilikimbia kitu ambacho hakikuwa na hatari, nikapeleka zile nyimbo kwenye kile chenye hatari.

Mdogo wangu aliandikisha valizi palepale kabla ya kutoka aeropo, akapewa karatasi yenye namba. Hilo alifanya vizuri, nanyi mufanye vile. Iko na mkataba wa mataifa wa Montreal, wa mwaka 1999, ambao unasema mzigo ukifika umeharibika uandike malalamiko ndani ya siku 7. Ukichelewa, ndani ya siku 21 tangu uupokee. Na ukipita siku 21 bila kufika, unaweza kuuhesabu umepotea na kudai. Alidai. Walilipa kitu. Tulinunua kinasa sauti kingine. Tulipokipata, mzee alikuwa amekwisha kuzikwa, majira ya mvua yaliyofuata.

Nimefanya hesabu mara nyingi, usiku. Sauti nzuri isiyobanwa inachukua kama megabaiti 10 kwa dakika. Saa tatu ni chini ya gigabaiti 2. Flashi ya gigabaiti 8 inauzwa Uvira sokoni, dola chache. Kompyuta ya shule ilikuwa pale, hatua mia mbili kutoka nyumbani kwa mzee. Tungetumia robo saa. Hatukufanya kwa sababu tulisema kile kinasa sauti kiko na usalama, ni kipya.

Kwa hiyo sasa iko na sheria moja katika idara yangu, na niliomba komite iiandike: hakuna sauti inayoondoka Lemera kabla ya kunakiliwa mara mbili. Nakala moja inabaki ofisini, nyingine inabaki kwa mwenye sauti, kwa familia yake. Msafiri anabeba ya tatu, na kadi haikai ndani ya mashine. Inatoka, inafungwa kwenye karatasi, inakaa mfukoni mwa shati, pamoja na paspoti. Begi wanaweza kukunyang’anya kwenye mlango wa ndege na kulipeleka chini kwa sababu ndege imejaa. Inatokea. Shati hawakuvui.

Mara ya pili ilikuwa tofauti, na nitapita haraka kwa sababu mambo yakienda vizuri hayana habari ndefu. Kabla ya kununua kitu, alinitumia kwa WhatsApp picha ya mgongo wa kila chaja. Kama haikuandikwa 100-240V, 50/60Hz, niliikataa. Aliniona mkali. Alikuja na mikseri ndogo, kadi ya sauti, mikro mbili nzuri, kinasa sauti, kable, na klavie ya vidole 25 ambayo ina urefu wa sentimeta 32 tu. Vyote kilo 6 na nusu, kwenye begi la mgongoni, vimefungwa na vipande vya godoro. Mpiga kinanda wetu aliiangalia ile klavie akasema, “Sasa hii ni ya mtoto?” Iko na haki. Haina sauti yake yenyewe, inahitaji kompyuta, na huwezi kuichezea ibada. Ni ya kurekodia. Kinanda kikubwa tulinunua Bujumbura, kwa bei ya juu kidogo kuliko Marekani, na ni cha volti 220, na mwenye duka alikichomeka mbele yetu tukakisikia.

Hapo ninajibu swali ambalo wafadhili wanaandika kila mwaka: tulete vitu au tutume pesa? Bafle, ampli, stendi, batri za sola, stabilizateri, kinanda kikubwa: tumeni pesa. Vitu hivi viko Uvira au Bujumbura, ni vizito, na vikiharibika tunajua pa kurudi. Mikro nzuri, kadi ya sauti, kinasa sauti, kadi za memori za kweli zisizo za kuiga: leteni kwa mkono, kama iko na mtu anakuja. Na kama hakuna mtu anakuja, musitafute mtu wa kuja kwa ajili ya mikro. Bei ya tiketi inazika watu wengi wetu kwa heshima.

Karatasi. Munavuka mara mbili: mnaingia Burundi kwa aeropo, halafu mnapita Gatumba na kuingia kwetu Kavimvira. Begi lenye mashine mpya sita linafanana na biashara, na mtu wa duane hawezi kujua moyo wako. Muwe na fakture, orodha yenye namba ya kila mashine, na barua ya chama yenye muhuri inayosema vitu ni vya nani na vinakwenda wapi. Sekretere anaitayarisha, mumwambie wiki mbili mbele. Sisemi mufiche kitu. Semeni viko, ulizeni bei, ombeni risiti. Ile risiti ndiyo ninaonyesha kwa wafadhili. Bila risiti, mimi niko mtu aliyekula dola.

Halafu iko na njia. Watu wanafikiri safari imeisha ukitoka aeropo. Kutoka Uvira kupitia Kiliba na Sange ni vumbi, halafu kupanda huku milimani ni pikipiki na mawe. Begi halifungwi nyuma kwa mpira. Linavaliwa kifuani, kati yako na motari, na plastiki juu yake, hata kama jua linawaka. Motari atalalamika kwamba linamsukuma. Mwongezee kidogo.

Kabla sijakaa: jana mama mmoja aliniuliza, “Na sisi ambao hatuna mtu wa ndege, haya yote yanatuhusu nini?” Nilimwuliza kama ana simu. Akatoa simu. Ndani yake kulikuwa na kwaya yao ya Nyarugusu, ibada nzima, watu ambao leo wako Marekani, Norvege, Australia, na wawili wamekufa. Skrini imepasuka, batri imevimba. Hakuna nakala.

Kwa hiyo Jumamosi hii, na kila Jumamosi ya mwezi huu, niko ofisini tangu saa nane mchana hadi saa kumi, wakati jenereta inawaka. Mwenye sauti ya Nyarugusu, ya Lugufu, au ya nyumbani, alete simu na chaja yake. Flashi iko. Mutaketi, mutangoja, mutaondoka na simu yenu. Yule mama nimemwomba awe wa kwanza.